Nyumba Hutazamwa Mvua Ikinyesha

Mkija kwangu mkaniambia mmempatia mgeni nyumba, nitawauliza swali moja tu: mlimpeleka saa ngapi? Ukiniambia ulimpeleka asubuhi yenye jua, maua yamechanua ukutani na upepo unavuma taratibu, nitakumiminia chai na kukusikiliza, lakini moyoni nitajua kazi hujaifanya. Umemwonyesha picha. Na picha mnazo kwenye simu zenu siku hizi, wala hazihitaji miguu.

Mimi nilitafutia watu nyumba hapa Kampala tangu miaka ile vita vimetoka kuisha, kuta bado zina matundu ya risasi na nyumba nyingi ziko wazi juu kwa sababu mabati yaliporwa, mpaka magoti yangu yalipokataa vilima. Ni Mbukusu wa Bungoma, Kenya. Nilimfuata dada yangu aliyekuwa akiuza vitambaa, nikawaaga wa nyumbani kwamba nakaa mwezi mmoja. Mwezi huo haujaisha hadi leo. Jina langu Nekesa. Watu waliniita broka, na sikukasirika, lakini mimi nilijiona zaidi kama mshenga: nyumba huku, mgeni kule, na mimi katikati naomba kila mmoja asijue aibu za mwenzake kabla ya harusi.

Wageni wote, awe mzungu wa misaada, awe Mkongo wa biashara, awe Mkenya mwenzangu wa benki, wanataka kitu kimoja. Wanataka juu kabisa kilimani, waone ziwa. Siwalaumu. Hata mimi niliyezeeka hapa, mvua ikiisha kunyesha na hewa ikasafika, nikaona maji yale hayana mwisho na visiwa vimekaa juu yake, husimama njiani nikasahau nilikokuwa nakwenda. Sijawahi kuzoea. Lakini kabla hujampeleka mtu kileleni, tazama wanawake wenye jerikani. Wakiwa wanapanda nazo zimejaa, basi huko juu bomba halitoi. Nilikuwa na Mholanzi mmoja mbishi, akang'ang'ania kileleni, akaishia kupiga mswaki kwa soda.

Chini bondeni nako, tazama ukuta kwa chini. Mafuriko huacha mstari wa kahawia, na mwenye nyumba akiupaka rangi, rangi mpya chini na kuukuu juu inajisema yenyewe. Tazama pia kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaotembea kama wazee wanaokwenda kikaoni. Wakijaa kwenye mti wa jirani, jalala liko karibu, na siku upepo utakapogeuka mgeni wako atakupigia simu akiwa ameshika pua. Kukaa ni katikati ya mteremko. Na kutazama ni mvua ikinyesha, kwa maana mvua haina adabu ya kuficha. Bati linalovuja litavuja mbele yako, na njia itakayogeuka mto itageuka ukiwa umesimama pale.

Haya yote nilifundishwa na Afande Okello. Alikuwa polisi mstaafu kutoka kaskazini, mkewe Mwislamu, yeye Mkatoliki, na nyumbani kwao Krismasi na Idi zote zilipikiwa pilau. Alikuwa na kigoda chake cha kukunja. Kabla ya kumwonyesha mtu nyumba, alikwenda nacho akakaa sebuleni mchana mzima, peke yake, anasikiliza tu. "Nekesa," aliniambia, "nyumba iko na mdomo. Wewe kaa kimya, yeye atasema."

Ningalimsikia mapema, nisingalifanya yale ya Katwe. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikapata mwalimu mmoja wa muziki kutoka Ulaya, mama mwembamba anayebeba fidla yake kama mtoto mchanga, anataka mahali patulivu. Jumapili nikampeleka nyumba moja safi kandokando ya Katwe. Kimya, hata kuku hawasikiki. Akafurahi, akahamia. Jumatatu asubuhi mafundi wa vyuma wakafungua karakana, na nyundo za Katwe mnazijua, hapa wanagonga masufuria, pale mageti, kule majiko, hadi jua linazama. Alinitafuta mji mzima. Afande aliposikia alicheka akashika ukuta. "Jumapili Katwe analala, mama. Wewe umeonyesha yeye mtu amelala, ukasema ni mpole."

Lakini Afande naye alikuwa na sheria yake moja iliyokuja kunipa somo ambalo hata yeye hakulijua. Alisema: makaburi funika. Mnajua Waganda huzika nyumbani, kwenye ardhi ya familia. Nyumba nyingi nzuri zina makaburi nyuma, ya saruji, yamepangwa vizuri. "Mgeni anaogopa kaburi kuliko mwizi," Afande alisema. "Tandika mukeka, mwaga maharagwe, mtu aone mavuno."

Sasa niwaambie habari ya Maama Mukasa.

Alikuwa mjane, nyumba yake iko kwenye mteremko upande wa Makindye, katikati kabisa, pale ninapopapenda. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, walilala wawili: mumewe, na mwanawe Mukasa aliyefariki vita vikiendelea, kijana bado hajaoa. Mabati yalichukuliwa na watu wenye bunduki. Mjane alipata mabati mengine kidogo kidogo, akaezeka upya, yeye mwenyewe akabaki kwenye vyumba vya nyuma, nyumba kubwa aipangishe. Ila hakuna aliyepanga. Kila mgeni alizunguka nyuma, akaona misalaba miwili, akakumbuka ana miadi mjini.

Na shemeji yake, Bwana Lwanga, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia juu ya ile ardhi. Akamwambia wazi: nyumba tupu ni hasara. Mvua hizi zikiisha bila mpangaji, tunauza. Mnunuzi alikuwa tayari, mtu anayetaka kujenga ghala. Nikamuuliza Maama Mukasa, na makaburi je? Akasema, "Yatahamishwa. Mtu halali chini ya magunia ya sementi." Alisema hivyo akitazama migomba, siyo mimi.

Tuliongea Kiluganda, mimi na yeye. Kiswahili hakukitaka. Waliokuja kuchukua mabati walimwamrisha kwa Kiswahili, alale chini kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo aliapa kwamba lugha ile haitoki mdomoni mwake tena. Afande alipomsalimia "Habari, mama," alimjibu kwa kutikisa kichwa. Afande hakuona vibaya. Alijua.

Msimu ule wa mvua nilikuwa na wateja Wajapani. Bwana alikuwa mhandisi, kazi yake Port Bell, kwenye gati. Mkewe aliitwa Haruko, mama mdogo wa umbo, nywele fupi. Walikuwa wamekaa Tanzania kabla ya kuja huku, na Haruko alizungumza Kiswahili kilichonyooka mpaka mimi nikawa napanga sentensi zangu kabla ya kufungua mdomo. Barabarani watoto walimwita Mchina, naye huwajibu, "Shikamooni," nao wanabaki midomo wazi kwa sababu Kampala hatuna hiyo.

Lakini alinisumbua. Nilimwonyesha nyumba mpaka nikaishiwa. Zenye ziwa, zenye bustani, zenye bafu la vigae. Mumewe anakubali, yeye anaingia, anatembea polepole, anauliza, "Majirani hawa wamekaa hapa muda gani?" Nikimwambia ni wapangaji tu, au ni nyumba mpya, anashukuru vizuri kabisa, anatoka. Sikuelewa anatafuta nini. Nilifikiri labda anaogopa wezi.

Basi ikabaki ya Maama Mukasa. Mvua zilikuwa ukingoni mwa kuisha na Lwanga ameshapita mara mbili na mnunuzi wake, wakipima kwa hatua. Nikampelekea Afande shauri. Akasema, "Funika. Hii ni mara ya mwisho, usicheze."

Nilipomwambia Maama Mukasa, akasema, "Nikiwafunika leo, si nimemsaidia Lwanga kazi?" Nikamwambia, "Maama, ni mchana mmoja tu." Akaleta mkeka mwenyewe. Akautandika juu ya kaburi la mumewe, na mwingine juu ya la mwanawe, akalaza ile misalaba midogo ya mbao chini yake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke. Tukamwaga maharagwe. Nikayasambaza kwa mkono. Yakapendeza, kwa kweli. Mtu angedhani ni mavuno ya kujivunia.

Haruko akaja saa nane mchana, peke yake. Akaingia sebuleni, akagusa ukuta. Akaenda vyumbani, akarudi, na mimi nimesimama nyuma yake, naomba Mungu.

Na hapo mvua ikaja.

Nyinyi wa hapa mnaijua ile inayotoka ziwani. Haitangulizi matone. Unasikia kwanza muungurumo mbali, mji upande wa chini unafutika, mtaa kwa mtaa, halafu inaukamata mteremko mzima kwa mkupuo. Nimeiona miaka mingi na bado hunifanya nijione kitu kidogo sana. Nikasimama pale nafurahi hata, kwa kuwa bati halivuji, sheria ya kwanza imetimia, mgeni anaona mwenyewe. Ndipo nikakumbuka sheria ya pili iko nje inalowa.

Maana maharagwe yakiwa nje na mvua imeanza, hakuna mwanamke wa nchi hizi atakayekaa ndani. Ningesema nini, yaacheni? Maama Mukasa ameshatoka mbio na beseni. Na Haruko, kabla sijamzuia, amevua viatu, amekimbia peku kwenye matope, amepiga magoti, anakusanya maharagwe kwa mikono miwili. Akashika pembe ya mkeka, Maama Mukasa pembe nyingine, wakauinua pamoja.

Saruji ikatokea. Msalaba umelala. Jina la Mukasa limechorwa kwa kidole, tangu saruji ikiwa mbichi.

Haruko akasimama na mkeka mkononi, maji yanamtiririka usoni. Nikasema moyoni, imekwisha, Nekesa. Kesho Lwanga anakuja na kamba ya kupimia. Maama Mukasa hakusogea. Alikuwa anamtazama yule mgeni kama mtu anayesubiri kofi.

Haruko akauweka mkeka chini. Akauinua msalaba, akausimamisha, akakandamiza udongo kwa mguu mpaka ukashika. Halafu akaunganisha viganja, akainama, akakaa hivyo muda mrefu, mvua inampiga mgongoni.

Tulirudi barazani tumelowa chapachapa. Mvua ilipokatika, Haruko akauliza kama kuna ndoo na kopo. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Kuwaogesha."

Mimi mtu wa kanisa, nikashtuka. Nikamtafsiria Maama Mukasa kwa Kiluganda, naye akasema nimuulize, je, kwao wanaabudu wafu? Haruko akatikisa kichwa. "Hapana. Tunawaogesha tu. Unamwagia maji, unasugua majani, unamtaja jina, unamwambia habari za nyumbani."

Maama Mukasa akanielekea mimi. "Mwambie mvua imeshawaosha."

Nikamwambia. Haruko akajibu, "Mvua haijui majina yao."

Nilianza kutafsiri. Sikumaliza. Maama Mukasa alinishika mkono kuninyamazisha, akamgeukia yule mgeni, na kwa lugha ile aliyoapa kwamba haitatoka tena mdomoni mwake akasema, "Yeye naitwa Mukasa. Mtoto yangu."

Sikuamini masikio yangu. Miaka yote ile nilimjua, na sikujua kwamba sauti yake kwa Kiswahili ni laini hivyo. Haruko akasema, "Wangu anaitwa Kenji. Alikuwa na miaka minne. Amelala kwetu, juu ya kilima. Mama yangu alikuwa akimwogesha. Sasa mama naye hayupo, na mimi niko huku." "Nilikuwa natafuta nyumba yenye watu wa kuogesha."

Ndiyo maana ya lile swali lake la majirani: waliokaa muda mrefu huwa wamezika hapo. Mimi nilikuwa nikimtembeza kwenye vigae na bustani, nikificha kile kimoja alichokuwa anakitafuta.

Walikwenda wote wawili na ndoo. Sikuwafuata. Nilikaa barazani nikisikia maji yanamwagika na Kiswahili cha Maama Mukasa kinachechemea, anatafuta neno, anakosa, anatia la Kiluganda, Haruko anaitikia "ehe, ehe." Afande alipopita jioni kuuliza kama tulifunika vizuri, nilimwambia aende nyuma akaone. Alirudi amevua kofia. Tulipofika njia kuu akasema tu, "Nekesa, hii sheria ya mukeka, wewe toa."

Msidhani mambo yaliishia hapo. Wajapani walihamia, lakini Lwanga hakutosheka. Alisema wageni ni watu wa kupita, mnunuzi ni wa leo. Mvua zilipoisha akaja naye, na kamba, Jumamosi asubuhi. Nilikuwepo, Maama Mukasa alikuwa ameniita mapema. Aliniambia, "Akiniambia nihame nitahama, lakini nani atakuja kumtafuta Mukasa huko watakakompeleka?"

Lwanga akapita getini, mtu mrefu wa suti ya kijivu, mnunuzi nyuma yake. Wakazunguka nyumba. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya kuogesha, na waliwakuta pale wanawake wawili wamepiga magoti kila mmoja kwenye kaburi, mikono imejaa majani mabichi. Maama Mukasa, Mganda wa adabu zake, mwanamke ambaye humsalimia vizuri hata mwuza samaki, safari hii hakugeuka. Aliendelea kusugua jina la mwanawe.

Haruko hakumjua Lwanga. Aliona mgeni wa kiume amesimama mbele ya kaburi la bwana wa nyumba, akadhani amekuja kuzuru. Akachota maji, akamshikia kopo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Karibu," alimwambia. "Anaitwa Yozefu. Leo hajaogeshwa bado."

Nilimtazama Lwanga. Kamba ilikuwa mkononi. Akaihamishia ile kamba mkono wa kushoto. Akapokea kopo. Nafikiri alitaka tu kulishika kwa heshima, maana mtu hawezi kumkatalia mgeni anayekupa kitu kwa mikono miwili. Lakini ukishapewa maji mbele ya kaburi la kaka yako, utayapeleka wapi?

Akamwaga. Maji yakateremka kwenye saruji na kuacha njia nyeusi. Kisha akaiachia kamba kwenye nyasi, akachuchumaa, na suti yake ile, akaanza kukwangua kuvu kwa ukucha. "Kaka," alisema kwa Kiluganda, sauti imepasuka. "Kaka, ni mimi."

Mnunuzi alisubiri kwa ustaarabu. Baadaye akaniuliza mimi kwa sauti ya chini kama aje siku nyingine. Nikamwambia sidhani. Akaondoka, na kamba ikabaki palepale kwenye nyasi. Maama Mukasa alikuja kuifanya ya kuanikia nguo.

Haruko na mumewe walikaa mpaka kazi ya gati ikaisha. Siku ya kuondoka gari liko tayari, mizigo imefungwa, dereva anatazama saa, yeye yuko nyuma anawaaga wa chini kwanza, mmoja mmoja, ndipo akaja kwetu tulio hai. Kopo alimkabidhi Maama Mukasa. Kila mpangaji niliyemleta baada ya hapo, Mhindi, Mkongo, Mmarekani, nilimpitisha nyuma kabla ya sebuleni. Wapo waliokumbuka miadi mjini. Waliobaki walikaa miaka.

Kwa hiyo mkimtafutia mgeni mahali pa kuishi, mwonyesheni bomba na paa na njia ya maji, ndiyo. Mpelekeni mvua ikinyesha. Lakini msiwafiche waliolala hapo, wala msijifanye mnajua mgeni anaogopa nini na anatamani nini. Mimi nilijua kila bati la mji huu na hilo sikulijua.

Maama Mukasa sasa ni wa tatu, chini ya migomba ileile. Lwanga ndiye aliyesimamia saruji, naye ameshakuwa mzee wa fimbo. Nyumba ipo. Kopo linaning'inia kwenye bomba la nyuma, limepauka, na Jumamosi miguu ikikubali huwa napanda mwenyewe.

Juzi nilimwagia Yozefu, nikamwagia Mukasa, nikamwagia mama yake, nikawataja na kuwapa habari za mtaa. Maji yakabaki kidogo. Wangu wako Bungoma, baba na mama, na huko walipo wanaoshwa na mvua tu. Nikayamwaga pembeni kwenye nyasi, polepole, nikawataja na wao.